Mgema na Mwonjaji: Msamiati wa Tembo la Mnazi na Uhakiki wa Vinywaji kwa Mfano wa Bamburi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa ugema na uonjaji wa tembo la mnazi katika pwani ya Kenya, kwa kurejelea eneo la Bamburi, Mombasa. Swali la msingi ni hili: mtu anayetakiwa kueleza na kupima kwa Kiswahili ladha ya kinywaji cha kigeni, kwa mfano bia ya kahawia ya Uingereza, atatumia maneno gani? Makala yanadai kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo tayari imo katika Kiswahili, nayo ililelewa na kazi ya mgema. Tatizo lililopo ni kwamba maneno hayo yanatumiwa bila kutofautishwa, na mazingira yaliyoyazaa yanapungua. Mwishoni, methali mashuhuri ya mgema na tembo inasomwa upya kama kauli juu ya wajibu wa anayesifu.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na mgema kwa mara ya kwanza katika orodha ya methali. Hukariri kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huandika maana ya nje na maana ya ndani, kisha huendelea na methali inayofuata. Ni wachache waliowahi kumwona mgema akiwa juu ya mnazi. Wachache zaidi wanaweza kutaja jina la kisu chake, kueleza anachokikata au kusema kwa nini hupanda mnazi uleule kila siku. Methali hubaki ganda lisilo na kiini.

Kwa upande mwingine, taaluma ya kuonja na kuhakiki vinywaji imekua sana duniani tangu miaka ya 1970. Mwaka 1977 mwandishi Mwingereza Michael Jackson alichapisha kitabu kilichoziainisha bia za ulimwengu kwa mitindo yake. Katika muongo huohuo, mtaalamu wa bia Morten Meilgaard aliongoza kazi ya kusanifisha istilahi za ladha ya bia, akazipanga katika duara lenye makundi 14. Lengo lilikuwa kwamba waonjaji wawili walio mbali waweze kuelewana. Mmoja akisema kinywaji kina ukakasi, mwenzake ajue ni hisia ipi inayotajwa.

Kiswahili hakina duara la namna hiyo lililochapishwa. Kutokana na hali hiyo baadhi ya watu huhitimisha kwamba lugha hii haina maneno ya kuonja. Hitimisho hilo ndilo linalopingwa hapa.

2.0 Bamburi: Mnazi, Mtambo na Hoteli

Bamburi iko bara ya kaskazini ya Mombasa, katika eneo la Kisauni, kandokando ya barabara iendayo Malindi. Upande wa mashariki ni bahari na hoteli za watalii. Upande wa magharibi ni makazi ya watu na mabaki ya mashamba. Katikati ni kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe. Machimbo yaliyoachwa wazi yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 chini ya usimamizi wa René Haller, na sehemu yake leo inajulikana kwa jina lake. Hata mtaa wa Bamburi Mtambo umebeba kumbukumbu ya kiwanda.

Umuhimu wa Bamburi kwa mjadala huu ni kwamba ulimwengu mbili za kinywaji zimekaribiana mno hapo. Katika baa za hoteli mgeni hupewa orodha ya bia za chupa, nyingine kutoka ng'ambo. Umbali mfupi kutoka hapo, nyuma ya barabara kuu, kuna mangwe, yaani mahali panapouzwa na kunywewa tembo. Msamiati wa hoteli huandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Msamiati wa mangweni hausomeki popote. Hutamkwa kwa Kiswahili na kwa lugha za Wamijikenda.

Mashamba ya minazi ya eneo hili yamekuwa yakikatwa viwanja vya nyumba kadiri Mombasa inavyopanuka. Mnazi unapong'olewa haupotei peke yake. Hupotea pia sababu ya mtoto wa Bamburi kujua maneno yanayouhusu.

Ni muhimu kutanguliza tahadhari moja. Waswahili wengi wa pwani ni Waislamu, na dini yao inaharamisha kileo. Makala haya hayamshawishi mtu kunywa. Yanahusu lugha, na lugha hiyo ni ya wanywaji na wasiokunywa pia, kwa kuwa tembo limetumika pwani kama hamira ya kuumulia vitumbua na mikate, na likiachwa likachacha kabisa huwa siki ya jikoni.

3.0 Kazi ya Ugema na Maneno Yake

Kitenzi kugema kina maana ya kukata mmea ili kukinga utomvu wake. Kutokana nacho tunapata mgema, anayefanya kazi hiyo, na ugema, kazi yenyewe. Kitenzi hiki kimepanuliwa hata kikatumika kwa utomvu wa mpira, lakini makazi yake ya asili ni mnazini.

Mgema hupanda kwa kutumia vidato, yaani mikato iliyochongwa katika shina la mnazi ili mguu upate pa kukanyaga. Hapa msomaji na asite kidogo. Neno kidato ndilo hilohilo tunalolitumia kwa madarasa ya shule ya sekondari. Mwanafunzi wa kidato cha nne amepanda mikato minne ya mnazi wa elimu, ijapokuwa huenda hajawahi kuuona mnazi wa kugemwa. Huu ni mfano bora wa upanuzi wa maana. Dhana ya kigeni haikutoholewa wala haikutafsiriwa neno kwa neno. Ilitafutiwa nyumba katika kazi ambayo wenyeji waliijua.

Akifika juu, mgema hutafuta karara, yaani kifuniko kigumu kinachohifadhi maua ya mnazi kabla hayajachanua. Karara hufungwa kwa kamba lisipasuke, likainamishwa polepole, na ncha yake ikakatwa kwa kotama. Kotama ni kisu kifupi kilichopinda ambacho kazi yake mahususi ni ugema. Chini ya ncha hiyo hutundikwa kibuyu, ingawa siku hizi chombo cha plastiki mara nyingi kimechukua nafasi yake. Utomvu hudondoka tone baada ya tone. Mgema hurudi asubuhi na jioni, pengine hata mchana, kumimina kilichopatikana na kukata upya kipande chembamba cha ncha, kwa sababu jeraha la mti likikauka tone nalo hukoma.

Karara linalogemwa halizai nazi. Mwenye mnazi huchagua: ama mti upite katika hatua zake za kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, ama utoe tembo. Uchaguzi huo ni wa kiuchumi, na umewahi kuwa chanzo cha mivutano mikubwa ya kijamii. Mwanaanthropolojia David Parkin aliuchunguza miongoni mwa Wagiriama katika kitabu chake cha mwaka 1972 kinachohusu minazi, tembo na mashahidi.

Miongoni mwa Wamijikenda kinywaji hiki huitwa uchi, neno ambalo humshtua Mswahili wa mbali kwa kuwa kwake lina maana nyingine kabisa. Hunywewa kwa mboko, yaani kibuyu cha kunywea, pamoja na mrija wenye kichujio. Kiasi maalumu cha uchi kiitwacho kadzama hutolewa katika posa na mbele ya wazee wa baraza. Kwa hiyo kinywaji hiki hakikuwa cha starehe tu. Kilikuwa ushahidi wa mapatano, na tembo bovu lingeweza kuchukuliwa kama dharau kwa wakwe.

4.0 Tembo Katika Sarufi

Neno tembo lina maana mbili zisizohusiana: mnyama mkubwa mwenye mkonga, na kinywaji cha mnazi. Sarufi ndiyo inayozitenganisha. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe: tembo huyu amelewa. Kinywaji huingia katika ngeli ya LI-YA: tembo hili limechacha. Methali ya mgema inahifadhi ushahidi huo katika kitenzi hulitia, ambamo kiambishi -li- kinasimama badala ya tembo. Mwanafunzi anayesema "tembo huitia maji" amepoteza ngeli, na anayesema "tembo humtia maji" amemwogesha ndovu.

Katika mazungumzo ya kila siku pwani ya Kenya, wasemaji wengi husema mnazi badala ya tembo: amekunywa mnazi, mnazi umekuwa mkali. Hii ni taashira ya mti kusimama badala ya zao lake. Upatanisho nao hubadilika na kufuata ngeli ya mti.

Jambo la kuvutia ni kwamba viwanda vya bia vya Afrika Mashariki na Kati vimemrudia mnyama huyuhuyu. Bia ya Tusker ya Kenya, ambayo hubeba kichwa cha ndovu kwenye kibandiko chake, ilipewa jina hilo baada ya George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, kuuawa na ndovu mwaka 1923. Tanzania ina bia iitwayo Ndovu. Huko Lubumbashi, kiwanda cha Brasseries Simba hutengeneza bia iitwayo Tembo, nayo ni bia ya kahawia. Kwa bahati ya maneno, tembo la kinywaji na tembo wa mwituni wamekutana tena ndani ya chupa moja, katika mji ambao Kiswahili ni lugha ya mitaani.

5.0 Msamiati wa Kuonja

5.1 Saa na ladha

Utomvu uliotoka mnazini muda huohuo ni mtamu. Sukari yake huwa takriban asilimia 10 hadi 15. Lakini uchachukaji huanza kibuyu kingali kinaning'inia, kwa kuwa chachu ya jana imebaki ndani ya chombo. Ndani ya saa chache utamu hupungua na kileo huongezeka. Baada ya siku moja kileo huweza kufikia asilimia 5 hadi 8, na baada ya hapo uchachu hushinda hadi kinywaji kinaelekea kuwa siki.

Kwa hiyo mwonjaji wa tembo haulizi kwanza limetoka wapi. Huuliza limegemwa lini. Hii ni tofauti ya msingi baina ya tembo na bia ya chupa. Bia ya chupa hutengenezwa ili ladha yake isibadilike. Tembo ni kinywaji kinachosafiri: tamu, kali, chachu, siki. Mwonjaji hulikuta katika kituo kimoja cha safari hiyo, na hukumu yake lazima itaje kituo.

5.2 Kali, chachu na chungu

Maneno haya matatu ndiyo yanayochanganywa zaidi, na ndiyo yanayostahili uchambuzi wa kina.

Kivumishi -kali kina uwanja mpana: kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, pilipili kali, siki kali. Kinachounganisha matumizi haya ni hisia ya kitu kinachokata au kuchoma. Katika tembo, neno kali hubeba mambo mawili kwa pamoja, yaani nguvu ya kileo na ukali wa ulimi. Mnywaji wa mangweni hahitaji kuyatenganisha, kwa sababu katika tembo yanapanda pamoja kadiri saa zinavyopita. Utata wa neno umetokana na ukweli wa kinywaji chenyewe.

Kivumishi -chachu kinahusu ladha ya kitu kilichochacha au kilicho kama ndimu. Kinatokana na mzizi uleule wa nomino chachu, kinachoumua unga na kuchachua utomvu. Maziwa huchacha, tembo huchacha, uji huchacha.

Kivumishi -chungu kinahusu ladha ya mwarobaini, shubiri na kahawa isiyotiwa sukari. Mtu aliyekaa Mombasa jioni anajua kwamba kahawa chungu si kahawa mbaya. Hilo ni jina lake, nalo huitwa kwa hamu. Ni ushahidi kwamba uchungu katika Kiswahili waweza kuwa sifa na si kasoro pekee.

Sasa mfasiri anapokutana na bia huwa katika hatari. Katika bia, uchungu hutoka kwenye maua ya hopsi, ilhali nguvu hutoka kwenye kileo, na mambo haya mawili hayapandi pamoja. Bia yaweza kuwa chungu sana na dhaifu, au tamu na yenye nguvu nyingi. Mfasiri anayeandika kwamba bia ni kali hajaeleza lolote, kwani msomaji hajui kama ataungua ulimi, atakunja uso au atapepesuka. Pendekezo la makala haya ni kwamba katika uhakiki wa vinywaji kali itengwe kwa nguvu ya kileo, chachu kwa ladha ya ndimu na siki, na chungu kwa ladha ya kahawa na hopsi. Hakuna neno jipya lililoundwa hapa. Yaliyokuwepo yamepewa mipaka.

5.3 Maneno ya kasoro

Kiswahili ni tajiri hasa katika kutaja kilichopungua. Kitu kisichokolea huitwa chapwa. Kilichokosa ladha kabisa huitwa dufu. Hisia ya ulimi na ufizi kukauka na kukwaruzwa, kama baada ya kula bibo au ndizi mbichi, ni ukakasi. Yanayotuama chini ya chombo ni mashapo. Tembo lililotiwa maji hupungua weupe, huwa jepesi kinywani, na utamu na ukali wake hupungua kwa pamoja. Neno chapwa linamtosha.

5.4 Harufu na kauli ya kitenzi

Katika harufu, Kiswahili hufanya uhakiki ndani ya mofolojia. Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Kunukia, yaani kitenzi kilekile kikiwa na kiambishi cha kauli ya kutendea, ni kutoa harufu nzuri. Mhakiki akitamka kitenzi tu amekwisha kutoa hukumu: tembo hili linanukia, tembo lile linanuka. Hali hii ni nguvu na pia ni mtego. Mhakiki anayetaka kueleza harufu bila kuhukumu hulazimika kurudi kwenye nomino na kusema kuwa kinywaji kina harufu ya mkate, au ya moshi, kabla ya kuamua kama harufu hiyo inafaa.

6.0 Kutoka Mangweni Hadi Bia ya Kahawia

Bia ya kahawia ni mtindo wa Uingereza. Mojawapo ya zile mashuhuri, Newcastle Brown Ale, ilianza kuuzwa mwaka 1927. Rangi na ladha yake hutokana na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa kwa moto. Moto ukizidi, rangi hukolea na ladha huelekea karanga, sukari iliyoungua, hata kahawa. Neno kimea lenyewe ni la Kiswahili cha kale cha watengenezaji wa pombe ya nafaka, na halihitaji utohozi.

Wahakiki wa bia hufuata hatua zinazofanana: kutazama, kunusa, kuonja, kupima uzito kinywani, na kusikiliza ladha inayobaki baada ya kumeza. Je, Kiswahili kinaweza kuzifuata? Mifano miwili ya kubuni inatolewa hapa. Wa kwanza ni wa tembo:

"Tembo hili limegemwa alfajiri na kuonjwa saa sita mchana. Ni jeupe kama tui jepesi. Povu lake ni jembamba na halikawii kuzimika. Linanukia chachu ya mkate. Kinywani ni tamu kwanza, kisha uchachu wa ndimu hufuata. Ni kali kiasi, si chapwa. Mashapo ni machache. Baada ya kumeza hubaki utamu mdogo bila ukakasi."

Wa pili ni wa bia ya kahawia:

"Bia hii ni ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, tena ni angavu. Povu lake ni la rangi ya maziwa na hudumu. Lina harufu ya mkate uliochomwa na korosho za kukaanga. Kinywani huanza na utamu wa sukari guru, ukifuatwa na kashata iliyoungua kidogo. Uchungu wake ni mdogo kuliko wa kahawa ya jioni, wala hauna uchachu. Si kali. Kinywani si nzito. Ladha ya mwisho ni ya korosho, nayo hukatika upesi."

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, aya zote mbili zimetumia vipimo vilevile, na msomaji anaweza kuvilinganisha vinywaji viwili ambavyo havijawahi kuwekwa meza moja. Pili, mifano ya kulinganishia imetoka pwani. Mhakiki wa London hutaja tunda la nchi yake na peremende ya utotoni mwake. Mhakiki wa Bamburi ana korosho, sukari guru, kashata, tui na kahawa chungu. Kutafsiri peremende ya London neno kwa neno ni kumpa msomaji jina la kitu asichowahi kukiweka mdomoni. Kazi ya ulinganisho ni kumpeleka msomaji kwenye ladha anayoijua.

7.0 Methali ya Mgema: Nani Aliyesifu?

Methali ya mgema hufasiriwa kwa kawaida kama onyo kwa anayesifiwa: asilewe sifa akaharibu kazi yake. Fasiri hii ni sahihi lakini haijakamilika. Uchambuzi wa kisarufi unafungua mlango mwingine.

Kitenzi akisifiwa kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Mgema anaonekana. Tembo linaonekana, tena limetangulizwa mbele ya kitenzi chake ili tulitazame. Maji yanaonekana. Asiyeonekana ni aliyesifu. Methali imemficha mhakiki.

Akirudishwa katika sentensi, picha hubadilika. Mnazi hutoa kiasi chake na hauongezi tone kwa sababu ya sifa. Mgema akisifiwa mangweni leo, kesho wateja ni wengi kuliko vibuyu. Ana njia tatu: kukubali kwamba tembo limekwisha, kupandisha bei, au kuongeza maji. Methali inasema aghalabu huchagua ya tatu. Kwa hiyo maji yaliyotiwa ni matokeo ya tamaa ya mgema, lakini pia ni matokeo ya sifa isiyo na kipimo. Aliyesema "tembo la fulani ni zuri" bila kueleza uzuri huo ni nini, hakumwachia mnunuzi chombo cha kugundua kwamba la leo si la jana. Angalisema kwamba ni jeupe kama tui, tamu kwanza kisha chachu, bila ukakasi, mgema angejua kuwa maji yataonekana.

Hapa ndipo msamiati sahihi unapogeuka kuwa ulinzi. Sifa ya jumla humwalika mgema atie maji. Sifa mahususi humzuia. Kuna methali nyingine isemayo kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini sokoni chema hakijiuzi peke yake. Huuzwa na ulimi wa aliyekionja, na ulimi huo una dhamana.

Dhamana hiyo ina mpaka, na ni haki kuutaja. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya kwa kunywa pombe iliyokuwa na methanoli, miaka minne baada ya kupitishwa kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Sumu ya namna hiyo haitambuliki kwa ulimi. Mwonjaji anaweza kufichua maji. Hawezi kuchukua nafasi ya maabara.

Mafunzo ya methali hii yanawafikia hata wasiogusa kileo. Katika vyama na idara za Kiswahili, diwani mpya na riwaya mpya hupokewa kwa maneno kama "kazi nzuri", "mtunzi hodari", "lugha tamu". Hizo ni sifa za mangweni. Mtunzi aliyesifiwa hivyo hana sababu ya kutolitia tembo lake maji katika kitabu cha pili, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kilichokuwa kizuri katika cha kwanza. Mhakiki wa fasihi, sawa na mwonjaji, anadaiwa vipimo: utamu uko wapi, uchachu uko wapi, na kilichobaki kinywani baada ya kufunga kitabu ni nini.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili hakikosi msamiati wa kuonja. Kinachokosekana ni kuupanga na kuuwekea mipaka. Maneno kama kali, chachu, chungu, chapwa, dufu, ukakasi, mashapo na kimea yanatosha kubeba uhakiki wa tembo la Bamburi na wa bia ya kahawia pia, iwapo kila moja litapewa kazi yake. Historia ya neno kidato inathibitisha kwamba maneno ya mnazini yanaweza kubeba dhana mpya bila kuchoka.

Kazi iliyosalia ni ya uwandani. Wagema wanazeeka na minazi ya Bamburi inapungua. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi bara ya Mombasa, Kisauni, Likoni au Changamwe, ana nafasi ya kumwendea mgema mmoja, kumwomba ataje vifaa vyake, hatua za kazi yake na maneno ya kulipambanua tembo zuri na baya, na kuyaandika kabla hayajamezwa na viwanja. Asiende kumsifu. Aende kumsikiliza, na akishasikiliza, aandike kwa kipimo.

Maswali ya Mjadala

1. Jadili tofauti za kimaana kati ya -kali, -chachu na -chungu kwa kutumia mifano mitatu ya vyakula au vinywaji vya eneo lako.

2. Eleza jinsi upatanisho wa kisarufi unavyotenganisha maana mbili za neno tembo. Toa maneno mengine mawili yanayotenganishwa kwa njia hiyo.

3. Chagua methali yoyote yenye kitenzi katika kauli ya kutendwa. Mtenda aliyefichwa ni nani, na fasiri ya methali inabadilikaje akitajwa?

4. Andika aya moja ya uhakiki wa kinywaji kisicho na kileo, kama vile maji ya dafu, kahawa chungu au sharubati ya ukwaju, kwa kufuata hatua tano zilizotajwa katika sehemu ya 6.0. Usitumie maneno mazuri, baya wala tamu sana.